Bunduki ya Babu Anselm na Simu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Novemba

Katalogi ya mnada imefika. Kurasa mia mbili na tisini. Nimekaa nayo jikoni hadi kahawa ikapoa, nikafika ukurasa wa mia na kumi na nne. Nikasimama wima. Ni yenyewe! Winchester ya mwaka 1886, na kwenye kitako cha mbao, alama nne za meno ya nyumbu wa kulimia. Bunduki ya babu Anselm. Baba aliiuza mwaka shamba lilipotushinda. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni, naona inaingizwa kwenye gari la mtu. Miaka hamsini na miwili nimeitafuta katika minada ya Iowa nzima. Nimechoka hata kabla sijaanza.

Nimemwonyesha Nadine, mke wangu. Nilitegemea vita. Akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema, "Babu yako namwelewa, Orrin. Hizo bunduki nyingine ulizoniletea humu ndani, wenyewe siwajui hata mmoja." Ameridhia! Ila kwa sharti: pesa za mashua tuliyouza, basi. Akiba iliyobaki ni ya tiketi zetu za kwenda Oregon. Binti yetu Corinne anajifungua mwezi huu. Mjukuu wa kwanza. Nimeapa. Niliapa kwa moyo safi.

Tatizo liko moja na lina jina. Daktari Lyle Fenske, daktari wa meno. Tumekutana mnadani mara tano. Mara tano amenibwaga huku akitabasamu.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku ya kuangalia mali. Nyumba ya mnada ya Tague na Wanawe ilikuwa ghala la mahindi zamani, na bado inanuka mahindi. Nimeishika bunduki. Nikaingiza kidole kwenye zile alama za nyumbu, moja moja. Nilitaka kulia. Kisha nikamwona Fenske anakuja na kioo chake cha kukuzia, machozi yakakauka yenyewe.

Mpango nilikuwa nao. Mpango mwepesi. Ukikitia kitu dosari, bei hushuka. Nikamwambia kwa sauti mzee mmoja ambaye simjui kwamba kitako hiki, kwa jicho langu, si cha asili. Kimebadilishwa. Mbao mpya hii! Mzee akasema loo. Watu wanne wakageuka. Fenske akakunja uso. Raha iliyoje! Raha ya dakika tatu.

Bi Rosalind Tague, mwenye nyumba ya mnada, alikuwa nyuma yangu. Mama wa miaka sabini na ushei, miwani miwili kichwani. Akasema shutuma kama hiyo haiwezi kuachwa ilale. Akachukua bisibisi. Akafungua bamba la chuma la kitako, sisi sote tukitazama. Chini yake kuna namba iliyochongwa kwenye mbao. Namba ileile iko ndani ya bamba. Namba ileile iko kwenye chuma cha juu. Akatangaza kwamba kila kipande ni cha kiwandani, jambo ambalo hata wao hawakulijua, na kwamba atawaandikia wateja wote leo hii. Akanishukuru mbele ya kadamnasi. Alinishika mkono!

Fenske akanipigapiga begani. "Una jicho, mzee. Lakini ungelifumba."

Ijumaa, 8 Novemba

Sikulala vizuri. Lakini akili ya mtu haizeeki. Nimegundua udhaifu wangu: Fenske akiniona nanyoosha kibao cha kutaja bei, anajua kitu ni kizuri, naye ananyoosha. Dawa yake ni nisinyooshe. Atanyoosha mtu mwingine, asiyeonekana, kwa simu.

Nimeendesha gari hadi kwa Mervin, kaka yake Nadine, mfuga ng'ombe. Nimemkuta zizini, matope hadi magotini. Nikamweleza kwamba nyumba ya mnada itampigia, yeye aseme ndiyo, ndiyo, ndiyo, na ikiingia mkononi ni yangu. Bunduki kongwe hivi haina makaratasi ya serikali, inanunuliwa kama kiti, na Bi Tague amekubali Mervin anunue kwa simu kwa jina lake mwenyewe. Mervin ni mtu wa kuelewa jambo moja kwa wakati, ndiyo maana nampenda. Akauliza aishie wapi. Hapo ndipo ningesema: pesa za mashua moja tu, shemeji. Lakini nilimfikiria Fenske na meno yake. Nikasema, "Usiache. Hata ukisikia nimekufa, usiache."

Akasema sawa shemeji, ila kesho wanachanja ndama, na huko zizini simu inakamata ikipenda.

Nadine sijamwambia. Ana mambo mengi. Alitoka mchana kwenda kwa daktari wa meno, ingawa sikumbuki akilalamika jino.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika haraka, mkono mzito.

Nilikaa safu ya tano, nikafanya uso wa mtu aliyekuja kula tu. Kina mama wa kanisa wanauza mikate ya nyama ya nguruwe pale nyuma, nikala miwili kwa ajili ya kuigiza. Fenske safu ya pili. Vitu mia nne vikapita. Dalali anaongea kama mvua juu ya bati.

Bunduki ikapandishwa mezani. Fenske akainuka, akatoka nje! Akanipita bila kunitazama, akachukua kipande cha pai, huyo, mlangoni. Mtu haachi Winchester yenye namba tatu zinazolingana ili akale pai. Kuna jambo.

Bei ikaanza nusu ya pesa za mashua. Ukumbini kimya, kila mtu alijua ni vita ya Fenske na mimi, hakuna aliyetaka kuingia katikati. Kisha binti wa mezani, mwenye simu sikioni, akainua mkono. Simu moja tu. Nikajiuliza: ni Mervin? Lakini Mervin yuko zizini, mtandao hakuna. Fenske yuko nje. Fenske ana simu. Yote yakanijia kwa mpigo kama umeme. Mwizi! Ameiba mpango wangu!

Nikanyoosha kibao.

Simu ikapandisha. Nikapandisha. Simu haikusita hata kupumua. Robo tatu ya mashua. Mashua nzima. Hapo ndipo nilipomwapia Nadine kwamba nitaishia, na ninakumbuka kabisa nilivyokumbuka. Nikaona mlango ule wa nyumba yetu ya zamani, na lile gari linaondoka. Nikanyoosha. Mashua mbili. Watu wamesimama juu ya viti. Bi Tague amevua miwani yote miwili. Mashua mbili na nusu. Mkono ukaniuma, nikabadilisha mkono.

Kwenye mashua tatu mkono haukuinuka tena. Nyundo ikagonga. Imeuzwa kwa simu! Ukumbi ukapiga makofi. Nilikaa chini kama gunia.

Nikamfuata Fenske nje nimwambie maneno ya mwisho ya maisha yangu. Nimemkuta amekaa kwenye ngazi, sosi ya pai kidevuni, simu yake iko garini. Akaniuliza kama nimeipata bunduki. Sikuelewa. Ndipo simu yangu ikalia mfukoni.

"Shemeji!" Mervin anapiga kelele, ndama wanalia nyuma yake. "Tumeipata! Kulikuwa na mwendawazimu mmoja hapo ndani, haachi, haachi! Lakini nimemkomesha!"

Jumapili, 10 Novemba

Nimekiri baada ya ibada, tukiwa ndani ya gari. Nadine hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kumbe Ijumaa hakwenda kwa ajili ya jino. Alikwenda kumwomba Fenske. Alimweleza kuhusu babu, nyumbu, mtoto wa miaka tisa mlangoni. Fenske, maskini wa watu, akasema hakuna neno mama, nitatoka nje nikale kitu. Na akatoka. Akakaa baridini na pai yake.

"Ungenyamaza tu, Orrin," akasema. "Ungekaa kama mtu mzima ukanyoosha mkono mara moja. Nusu mashua. Mara moja tu!"

Nilimwambia hakunieleza. Akasema nami sikumweleza. Tukakaa hapo hadi kioo kikaganda ukungu. Juu ya bei kuna ada ya mnunuzi, asilimia ishirini. Hilo nililisema mwisho, taratibu.

Jumanne, 19 Novemba

Corinne amejifungua. Msichana, anaitwa Junia. Tiketi imenunuliwa moja. Nimempeleka Nadine uwanja wa ndege asubuhi, theluji ya kwanza inadondoka. Hakunikasirikia tena, na hilo ndilo lililoniuma. Alinifunga vifungo vya koti, akasema nile vizuri, supu iko kwenye friza. Akaniahidi picha.

Picha zimekuja jioni. Junia ana kidevu cha babu Anselm. Nimemshikia bunduki mbele ya simu aione. Amelala.

Bado deni la nyumba ya mnada halijaisha. Bi Tague, mama mwema, amesema nimpe bunduki zangu nyingine azinadi Januari. Nimempelekea zote sita. Ukutani imebaki misumari. Nadine nimemwambia kwa simu kwamba nimeacha kabisa. Akasema, "Haya, mume wangu." Nadhani alilia.

Jumamosi, 14 Desemba

Katalogi ya Januari imefika. Nimeifungua ili tu kuhakikisha wameandika jina langu sawasawa.

Ukurasa wa thelathini na mbili. Bunduki ya kuwindia bata, mitutu miwili, ya Ubelgiji, mbao za jozi zinang'aa kama asali. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi! Nikasoma maelezo mara mbili. Ni yangu. Ilikaa miaka kumi na moja nyuma ya mlango wa bafu na sikuwahi kuujua uzuri wake, kumbe ilihitaji taa tu.

Haiwezi kwenda kwa mtu baki. Nimepiga hesabu kwa utulivu. Ada ya muuzaji nitalipa mimi. Ada ya mnunuzi nitalipa mimi. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kunipunja.

Kosa la safari ile, sasa naliona wazi, lilikuwa ni mtandao mbovu wa zizini. Nimempigia Mervin. Atakaa sebuleni.

Nimemwambia asiache.