Nimeagwa na Sijaenda

Jumatatu, 8 Septemba

Barua imekuja! Shirika kubwa la Entebbe, lile ambalo ndege zake zina choo ndani, linanitaka nikakae kaunta. Tai. Jina kifuani. Kiyoyozi! Nijibu kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Mimi ni Tamim, karani wa Shirika la Kware hapa kiwanja cha Jinja, mwaka wa kumi na moja sasa. Ndege moja, viti kumi na viwili, Jinja hadi Mbale na kurudi. Kazi yangu ni kupima watu. Ndege ndogo haitaki mchezo, kwa hiyo kila abiria hupanda kwenye mizani ya kahawa na mzigo wake, halafu mimi napanga nani akae wapi. Siku hizi hata mizani naitumia kwa heshima tu. Mtu akishuka kwenye boda boda najua kilo zake. Na kilo za akina mama wa Mbale nitazikwa nazo.

Kwenda sitaki. Niseme ukweli, daftari halina mdomo. Ninachotaka ni kubembelezwa. Afande Margret, rubani na mwenye ndege, alistaafu jeshi lakini jeshi halijamtoka. Hajawahi kuniambia ahsante. Nataka aniombe nibaki, anipe na cheo cha Meneja wa Kituo.

Mpango: nimeiacha barua wazi mezani. Afande kaja, kaweka kikombe cha chai juu yake. Kanywa chai yote. Kisha kaisoma, duara la chai katikati, akaniuliza kama Entebbe wanapewa chakula cha mchana. Basi!

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa pili: malaria. Wakinikosa siku moja watanijua. Nimempigia Afande kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, nikajifunika blanketi, nikatega sikio. Kutoka nyumbani Walukuba ndege inasikika vizuri.

Saa mbili kamili, injini. Saa mbili na dakika moja, imeruka! Saa mbili ndiyo iliyoandikwa kwenye tiketi, lakini tangu nianze kazi hatujawahi kuruka saa mbili. Nimepiga simu kiwanjani kwa siri. Kumbe Shafik, karani wa Mbale, yuko Jinja likizo kwa dada yake, Afande kamwita. Kaja na mizani yake ya kioo inayosoma namba yenyewe. Viatu vyake vimechongoka mbele kama kawaida. Simpendi.

Kuruka saa mbili! Zamani mtu hakutoka Jinja hivyo. Mzee Wanzala, mlinzi wetu wa kiwanja, Mungu amrehemu, alikuwa akifukuza ng'ombe kwenye nyasi kwa baiskeli, filimbi mdomoni, huku abiria wanamaliza mandazi ya Mama. Nami nikiwapima wananisimulia. Nani kaolewa, nani kafiwa, nani amepungua kwa mawazo. Misiba ya Mbale niliijua kwa kilo. Ndiyo maana tulichelewa, na hakuna aliyelalamika. Wachache tu.

Nimelala pale nikakumbuka filimbi ya Mzee Wanzala, moyo ukanibana kweli, bila malaria.

Mama kaingia, kanishika paji la uso, kalikuta baridi. Nikaona nafasi. Mama bado anauza mandazi kiwanjani, anachokijua saa moja Afande anakijua saa mbili. Nikamwambia nimepata kazi Entebbe, naondoka, huzuni ndiyo imenilaza. Mama kajifunga kanga, katoka. Safi sana.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa! Mama hakumwambia Afande. Kaiambia Walukuba nzima.

Kesho baada ya Alasiri ni dua yangu ya safari. Kondoo amefungwa mlangoni, ananitazama. Akina mama wamekwisha kukoroga unga wa kisra, mikate yetu myembamba. Watu watatoka mpaka Mbale, wale wenzetu wa mtaa wa Malukhu.

Jambo hili si mchezo. Sisi Wanubi babu zetu walikuwa askari, kila mwaka walihamishwa, na kila walipohamishwa waliagwa. Mtu akisomewa dua, kondoo akaliwa, huyo amekwenda. Akionekana sokoni kesho yake, amewafanya wazee wadanganye mbele ya Mungu.

Nimemwambia Mama kwamba bado nafikiria. Akauliza kama ninataka apite nyumba arobaini kueleza kuwa mwanawe amegeuka tena, kama alivyogeuka kwenye ndoa. (Mke wangu aliondoka kwa sababu ya mpango mwingine. Upo kwenye daftari la 2021.) Nikaenda kumpa kondoo maji. Kayakataa.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku kubwa! Niandike haraka kabla utamu haujaisha.

Wamekuja wote. Wazee wenye kofia, bibi zangu na gurbaba zao, nguo za kujifunga, za rangi zote. Mikeka imejaa mpaka barabarani. Sheikh kainua mikono, watu wote wakainua, wakaniombea barabara nyeupe na wakubwa wenye huruma. Bibi mmoja aliyenifunga nepi alilia. Nami nikalia. Sikuwa ninaigiza. Nilitazama zile nyuso nikaona kwamba hakuna hata mmoja ambaye sijawahi kumpima.

Halafu Afande Margret. Kavua buti, kakaa mkekani na wanawake, kala kisra kwa mkono, na chakula kilipoondolewa kaniita pembeni ya ua. Kasimama wima. Akasema hivi, naandika neno kwa neno:

"Tamim, mimi hapana zuia mtu. Lakini kiwanja bila wewe ni majani tu. Baki. Utakuwa Meneja wa Kituo. Sema sasa."

Miaka kumi na moja! Nimeisubiri sentensi hiyo mvua na jua! Nilitaka kumbusu mkono.

Nikasema nitafikiria, nitampa jibu kesho baada ya sala ya Ijumaa.

Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa tamu, na Shafik hakuwepo. Nilitaka airudie kesho kiwanjani, Shafik akisikia.  Afande kavaa buti zake, kaenda.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi saa nne, kwa mtandao, nimewakataa watu wa Entebbe. Barua ya adabu kabisa. Nimewaandikia kwamba moyo wangu uko kwenye nyasi za Jinja. Nikaisoma mara tatu kabla ya kuituma, nikajipenda.

Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda kiwanjani, kanzu bado mwilini, uso nimeuandaa wa mtu anayekubali kwa shida.

Shafik yuko kwenye kiti changu!

Afande kaeleza kwa ufupi, ndivyo anavyoeleza vyote. Jibu langu la jana alilisikia kama jibu la mtu mwenye haya asiyetaka kusema hapana. Kwa hiyo asubuhi alimwuliza Mama, pale pale kwenye mandazi, kama ni vizuri kuningoja. Mama akamwambia kwamba mtoto ameshaagwa, na kumzuia mtu aliyesomewa dua ni kuwavunjia wazee heshima. Afande ni mtu wa heshima. Saa sita kamili akampa Shafik cheo. Meneja wa Kituo! Kisha akaniambia nilikuwa mtu mzuri na akanipa mkono. Ahsante yangu ya kwanza, nami nimeshafukuzwa kwa dua yangu mwenyewe.

Saa kumi nimepiga simu Entebbe. Dada mwenye sauti ya kiyoyozi kasema amesikitika, nafasi imekwisha kupata mtu.

Sina Jinja. Sina Entebbe. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya shule, nimejifunika kitambaa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimejificha ndani siku nzima. Jirani kaja kuomba chumvi, kauliza kama nimefika salama. Mama kajibu kwamba Mungu ni mwema, ambalo si jibu wala si uongo. Kisha kaniletea uji chumbani. Kasema nimpe aibu yoyote ile nyingine, si hii. Niende popote, lakini niende.  Sikuwa nimemfikiria Mama hata kidogo wiki hii yote. Nimejisikia vibaya sana.

Mbale hakuna karani, maana Shafik amebaki hapa. Nimempigia Afande, nikaomba nafasi ya Shafik. Kujishusha gani huku! Nimeongea dakika tano. Kajibu neno moja: njoo.

Jumapili, 14 Septemba

Nimesafiri. Shafik kanipima kwenye kioo chake, akasoma namba kwa sauti mbele ya abiria wote: tisini na tatu! Mimi huwa najiandika themanini. Mama alisimama kwenye uzio na kapu lake, hakupunga mkono, alinitazama tu. Nikamtazama mpaka mlango ulipofungwa.

Nimewapandisha watu kwenye ndege hii miaka kumi na moja, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeipanda. Sikuwahi kujua kulivyo huko juu. Tulipoinuka nikaona kiwanja chote chini, kidogo, kijani, na njia nyembamba iliyokauka kutoka kwenye mizani hadi ndegeni. Hakuna anayeipita kila siku ila mimi. Njia ile nimeichora kwa miguu yangu. Nikalia mpaka Iganga. Mama mmoja wa Mbale, kilo themanini na sita, kanipa leso, na kaniuliza kama ninaogopa kuruka. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Mbale. Nimepata chumba mtaa wa Nkoma, dirisha linatazama mlima. Baridi ya asubuhi ni nzuri. Huku kazi yangu ni kuipokea ndege. Huko nilikuwa naiona mgongo tu inapokwenda, maana ikirudi nimeshatoka kazini. Leo nimeiona ikija, uso kwa uso, ikipita kando ya mlima polepole, nikafurahi kama mtoto.

Nimetulia kabisa. Nimejifunza. Mtu ashike alicho nacho, ashukuru, afunge mdomo.

Mwenzangu hapa ni Namono, mkata tiketi, mwanamke mtulivu, kilo sitini na moja. Saa ya chakula nilimdokezea, kidogo tu, kwamba kuna shirika la Kenya linanifuatafuata. Kaniuliza linaitwaje. Jina sijalitafuta bado, kwa hiyo nikamwambia ni siri. Kaniuliza kama nitakwenda. Nikapumua, nikasema bado nafikiria.

Baadaye nimemwona anapiga simu Jinja. Afande anatua kesho saa tatu. Nitavaa shati jeupe.