Mazabodi ya Mama Chapa

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia hata siku moja, ila mdomo wake ulikuwa na digrii mbili. Mama Chapa, mwenye kibanda cha kuchapisha barua na picha, alimwita ampangie nyaya ndani ya kompyuta yake. Injinia akafungua ubavu wa boksi, mate yakamjaa mdomoni. Mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila waya unaishia kwake, ilikuwa ya bei mbaya! Feni zilizunguka, taa ziliwaka rangi zote.

"Skrini nimemwazimisha jirani," alisema Mama Chapa. "Wewe nipangie nyaya tu, mwanangu."

Injinia akaizima kompyuta, akapanga. Akaukandamiza ule waya mnene wa umeme mpaka ukalia ka! Akachomeka wa diski. Kisha, kimya kimya, akachomoa kiwaya chembamba cha kitufe cha kuwashia. Akabonyeza kitufe. Wapi!

"Mama yangu," akasema huku akivua kofia, "mazabodi imetutoka."

"Uuuwi! Na kazi za watu je?"

"Usilie nami nipo. Ninayo nyingine, ya zamani kidogo lakini nzima. Nakupa hiyo, na hii maiti naondoka nayo. Ufundi bure."

"Mungu akuzidishie, baba."

Injinia alikimbia nyumbani, akaing'oa mazabodi ya kompyuta yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikimlisha, akarudi mbio. Akachomeka nyaya zote upya, jasho likimtoka. Mama Chapa akavuta skrini kutoka nyuma ya pazia, picha ikatokea safi kabisa. Injinia alikuwa na haraka mno ya kuondoka hata asijiulize jirani ameirudisha saa ngapi.

Kwake, aliifunga ngawira yake na kuchomeka kila waya pake, hadi kiwaya cha kitufe. Feni zikazunguka, taa zikawaka. Skrini nyeusi. Akachomoa, akachomeka, akapuliza vumbi, akaomba dua. Nyeusi tii. Sasa akaogopa kweli, maana bila kompyuta hiyo hana kazi. Akapiga simu.

"Mama, hii mazabodi ni mbovu!"

"Si ndivyo ulivyoniambia, baba? Na mafundi wote waliokutangulia walisema hivyo hivyo. Ila wao walitaka ninunue nyingine."

Injinia alifungua mdomo amwite tapeli, akaufunga. Katika maisha yake yote ya ufundi, siku hiyo ndiyo aliyomwambia mteja ukweli.