Bawasiri ya Mzee Wambura

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Siku ya tisa sikai vizuri. Ofisini nafungua majalada nimesimama. Wenzangu wa masjala wanadhani nimekuwa mchapakazi. Wadhani hivyo hivyo.

Bawasiri! Mimi, Batholomeo, mtu wa suti! Famasi ya Mama Vasanti ina vidonge vya kupachika, vile visivyomezwa, nimeviona kwenye kabati la kioo. Lakini hatoi bila cheti. Cheti huandikwa zahanati. Mganga wa zahanati ni Mama Tereza. Na Mama Tereza ni mama yake Yasinta, ninayemposa Jumamosi hii. Nimvulie suruali mama mkwe? Bora nife nimesimama.

Hospitali kubwa? Kwenye dirisha la kujiandikisha anakaa Debora, dada yake Yasinta. Ukoo mzima umeajiriwa afya!

Jumanne, 4 Novemba 1997

Furaha! Waraka umepita masjala, nimeusoma kabla ya mwenyewe. Ile sheria waliyoipitisha waheshimiwa imeanza kutumika. Kuna dawa ambazo sasa mfamasia anaruhusiwa kutoa bila cheti. Yangu imo, namba kumi na saba. Miaka yote nimewasema vibaya wabunge kwa kutupandishia bei ya nyama kila wanapokuja Dodoma. Leo nafuta yote.

Alhamisi, 6 Novemba 1997

Nilikwenda famasi saa saba, watu wakiwa kwenye chakula. Kumbe wazo hilo walilipata wengi. Foleni hadi mlangoni. Nyuma yangu nani? William wa uhasibu, mdomo haufungi, na aliwahi kumtaka Yasinta!

Mama Vasanti ni mtu mzima, masikio mazito, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Akanieleza kwamba daktari ameondolewa hapo katikati, kwa hiyo maswali ya daktari anauliza yeye. Mgonjwa ni nani? Nikamsikia William ameacha kupumua ili asikie vizuri.

Nikasema ni Mzee Wambura, mkuu wetu wa masjala, kanituma. Jina lilitoka lenyewe. Mzee ndiye mshenga wangu, wiki nzima jina lake halinitoki mdomoni.

Akauliza maumivu huja lini. Nikasema asubuhi, na akikaa kwenye mbao. Damu? Kidogo, kama wiki sasa. Akanisifu kwa kumjua mkubwa wangu namna hiyo. Akaandika yote daftarini, akaongeza kitu kuhusu wanaotokwa damu, kwamba majina yao hupelekwa zahanati. Sikumsikiliza. Pakiti ilikuwa mkononi.

Ijumaa, 7 Novemba 1997

Nimekaa! Dakika kumi nzima, kiti cha mbao!

William kamletea Mzee Wambura papai zima, akampa na pole. Mzee akashukuru, akala, hajui pole ya nini. Nilicheka hadi nikajisikia vibaya. Kidogo tu.

Jumamosi, 8 Novemba 1997

Siwezi kuandika. Naandika.

Kwenye posa mposaji hasemi. Mshenga ndiye mdomo wake. Nikakaa karibu na mlango, macho chini. Mzee Wambura, ndani ya kaunda suti yake ya sikukuu, alikuwa anaeleza vizuri kabisa kwamba katika nyumba hii tumeona jiko. Mama Tereza akamkatiza. Akamwomba asimame kwanza. Akaleta mto. Wa kitandani, wenye maua.

Kisha akasema, mbele ya baba mkwe Mzee Nikodemo, dereva mstaafu wa malori ya Kibaigwa asiyejua kucheka, mbele ya mashangazi wawili, mbele ya Yasinta aliyeshika sinia la soda, kwamba barua ya famasi imemfikia. Mzee asione haya, aje zahanati Jumatatu, ni ugonjwa kama mwingine.

Shangazi mmoja akajifunika mdomo kwa khanga. Mzee Wambura akageuka polepole, akanitazama. Akaona ninavyokalia upande mmoja. Najua aliona.

Ningeweza kusema. Lakini mila! Mposaji hasemi! Nikaishukuru mila, huku masikio yanawaka kwa aibu.

Mzee akasema ni kweli, mama, inamsumbua. Akakalia maua, akaendelea na habari za jiko. Posa imekubaliwa. Sijawahi kujiona mdogo namna hii.

Jumatatu, 10 Novemba 1997

Nimempa Mzee shikamoo. Kaitikia bila kuinua kichwa.

Saa nne alikwenda zahanati. Asingekwenda, Mama Tereza angeuliza kwa nini. Kwa hiyo mtu mwenye wajukuu sita amevuliwa suruali na mama mkwe wangu kwa ajili yangu. Akaambiwa amepona, dawa ni nzuri.

Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza kwamba hakunifanyia mimi. Alimwona binti wa watu amesimama na sinia, akamhurumia. Akanitaka nikamwambie Mama Tereza ukweli kwa mdomo wangu, maana posa imekwisha na sasa ninao.

Nililia chooni. Nimeapa. Keshokutwa.

Jumatano, 12 Novemba 1997

Nilitoka asubuhi kwenda zahanati. Kweli kabisa! Shati nimepiga pasi, maneno nimeyapanga. Lakini njia inapita famasi, na pakiti iliisha jana. Nikaona nianze hapo, mtu mwenye maumivu haungami vizuri.

Hapakuwa na foleni. Hapakuwa na William. Mama Vasanti na mimi, basi. Akauliza Mzee anaendeleaje. Nikasema amepona. Akauliza, sasa hizi ni za nani?

Nilifungua mdomo niseme ni zangu. Naapa nilikuwa nasema ni zangu.

Nikasema ni za baba mkwe, Mzee Nikodemo. Akachukua kalamu. Lakini safari hii nilikuwa makini: nilimwambia hatokwi damu.