Mama Mkwe Avishwa Taji

Jumatatu, 4 Machi
Mkurugenzi wa makumbusho kaniita. Kasema ukumbi wangu, wa malkia wa kale na miji iliyopotea, hauna watu. Wageni wanaupita mbio kwenda kumwona mamba aliyekaushwa, ukumbi wa pili. Wiki ijayo wanakuja wanafunzi. Wakipiga miayo kwangu, ukumbi anapewa mwenye mamba. Nilipotoka nikamkuta Bwana Mamba mlangoni, anayapima madirisha yangu kwa macho. Hanijui huyu! Malkia wangu atafufuka. Ataongea!

Jumanne, 5 Machi
Nimemwomba mke wangu awe malkia. Kakataa, eti bado ana akili timamu. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea na hajasema anaondoka lini, akadakia kwamba yeye yuko tayari. Ningemwambiaje hapana? Nimemwandikia hotuba safi: visima, biashara, kuanguka kwa mji. Kasema ataisoma akimaliza kushona joho. Joho ni pazia letu la sebuleni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefinyanga mji wa udongo, nikaufukia kwenye sanduku kubwa la mchanga. Wanafunzi watauchimbua wenyewe. Ubunifu huo! Bwana Mamba kapita, kauliza kama hicho ndicho choo kipya cha paka wa ofisini. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Machi
Paka wamekubaliana naye. Kutwa nzima nachekecha mchanga. Sirudi nyuma.

Jumatatu, 11 Machi
Siku yenyewe. Ukumbi umefurika. Mama kaingia na pazia lake, hotuba hana. Nikamnong'oneza, "Mama, anza na visima."
Akanigeukia polepole. "Nani kakuruhusu kusema mbele ya malkia?"
Watoto wakaangua kicheko. Kawaambia mji wake ulianguka kwa sababu wanaume walikesha wakipanga makubwa huku mitaro imeziba. Kisha kaamuru ufukuliwe. Mimi nikaambiwa nizoe mchanga. Bwana Mamba, aliyekuja kunicheka, akapewa ndoo. Akabeba bila kubisha!
Watoto walichimba, wakauliza maswali mpaka dereva wa basi akaja kuwafuata. Msichana mmoja akauliza kama malkia alilia mji ulipofukiwa. Mama akamwinamia. "Nililia, mwanangu. Halafu nikawatafuta waliobaki."
Hata mimi nikaacha kuzoa mchanga, nikasikiliza.

Jumatano, 13 Machi
Ukumbi umesalimika! Mkurugenzi kanishika mkono, kanishukuru kwa kumleta mama. Kuanzia leo mama ndiye mkuu wa ukumbi. Mimi ni msaidizi wake. Bwana Mamba anampelekea chai na kumwita Mtukufu. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.
Sawa. Lakini bado hatujawaonyesha watu mji uliozama baharini. Nimeshavuta mpira wa maji kutoka bomba la uani hadi ukumbini. Umeme nitauzima, nikikumbuka. Na nimempigia simu baba mkwe. Anakuja Jumamosi, awe mfalme.