Bajeti, Boila na Ng'ombe wa Shemeji

Jumapili, 3 Machi

Nimepata mpango. Mkubwa! Nauandika hapa kwa sababu katika mji huu hakuna anayestahili kuusikia kabla ya Jumamosi.

Bili ya kodi imefika tena. Mji wetu hauna kiwanda wala hoteli, kwa hiyo shule inaegemea kodi ya nyumba na mashamba. Yaani inaniegemea mimi, Lyman Goss, mgane, mfugaji mstaafu (ng'ombe niliwauza wote miaka sita iliyopita), mwenye shamba linalozaa mawe. Jimbo linaleta kidogo. Washington inaleta salamu. Pesa zinazobaki zinatoka kwenye suruali yangu.

Na karai langu la kuchemshia utomvu wa miti ya maple mpaka uwe shira linavuja! Utomvu utaanza kutiririka kwenye ndoo nilizotundika mitini siku yoyote sasa. Ng'ambo ya barabara shemeji yangu Wendell Tatro, kaka wa marehemu mke wangu, ana karai jipya la chuma cha pua. Anaweza kulala ndani yake akajinyoosha. Jana alinipungia mkono nikipita. Kwa dharau.

Hesabu ni nyepesi. Bajeti ya shule ikipungua, kodi inapungua. Kodi ikipungua, napata karai.

Jumamosi ni mkutano wa mwaka wa wilaya ya shule. Wilaya yenyewe ni shule moja, basi moja na kengele isiyolia. Lakini sheria ni sheria. Mpiga kura yeyote anaweza kusimama na kupendekeza bajeti ikatwe, na wengi wakiinua kadi zao, imekatwa. Bodi inabaki kutoa macho.

Kuna tatizo dogo. Mwenyekiti wa bodi ni binti yangu Corinne. Leo nimekula kwake, kama kila Jumapili. Nyama ya kuokwa, viazi, mchuzi mzito. Amesema bajeti ikikatwa hata kidogo, Bi Osgood, mwalimu wa darasa la saba na la nane, atapoteza kazi, na wanafunzi wake watabebwa kwa basi kila siku mpaka Milbrook, ng'ambo ya mlima. Alikuwa karibu kulia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwanangu. Nikaongeza viazi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwenda kwa Wendell. Iliniuma, lakini wafugaji wote wanamfuata yeye. Alikubali kabla sijamaliza. Naye bili imemfikia.

Tuligombana kuhusu nani asimame kutoa hoja. Akasema mimi siwezi hata kuagiza kahawa bila kuanzisha ugomvi. Nikasema wazo ni langu. Tumekubaliana: mimi nitatoa hoja, yeye ataniunga mkono, na hataitaja hadharani kama "hoja yetu".

Tatizo lililobaki ni wazazi. Wamekuwa wengi, na wote wanampenda Bi Osgood. Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Bajeti huwa inakuja mwisho. Nikianza kuuliza maswali tangu hoja ya kwanza, tutafika kwenye bajeti jioni. Watoto watachoka na kulia. Halafu saa tisa alasiri kuna mechi ya kikapu ya wasichana huko Milbrook. Wazazi wataondoka! Watabaki wafugaji, watu wa subira, wasio na pa kwenda.

Jumatano, 6 Machi

Maswali hayatoki hewani. Nimekwenda shuleni kuyatafuta. Corinne mwenyewe akanitembeza. Alifurahi mno, sijui kwa nini. Basi la shule, paa, vyoo. Chini kabisa akanionyesha boila linalopasha jengo joto. Linatoa sauti ya mtu anayekoroma. Akalipiga teke, likanyamaza. Akasema lilikuwepo tangu mimi mwenyewe nasoma hapo.

Tulipita jikoni. Mke wangu Adele alipika pale karibu maisha yake yote. Msumari aliotundikia aproni yake bado upo, na hakuna mwingine anayeutumia. Nilihuzunika, nasema kweli.

Kisha nikakumbuka karai.

Ijumaa, 8 Machi

Wendell hawezi kufunga mdomo! Dukani kwa Bi Prudence Hale nimekuta watu wananiangalia na kucheka chini chini. Ameshawaambia "yeye na Lyman" wana jambo Jumamosi. Yeye kwanza, mimi baadaye.

Bi Prudence ndiye anayeendesha mkutano kila mwaka. Alinifundisha kusoma, na mpaka leo ananitazama kama mtoto aliyeficha chura mfukoni. Akanifungia maziwa yangu, akasema, "Lyman, kesho sitaki michezo." Nikamjibu kwamba mimi ni mpenzi wa elimu. Alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Atacheka vizuri kesho.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa taabu. Nitakwenda hatua kwa hatua.

Asubuhi ukumbi wa shule ulijaa. Nilikaa mbele, kadi ya njano mkononi, karatasi ya hoja yangu mfukoni. Wafugaji walijipanga nyuma na buti zao. Hoja ya kwanza, posho ya mweka hazina. Nilimuuliza maswali mpaka akasema yuko tayari kufanya kazi bure. Hoja ya pili, basi la shule. Nikauliza umri wa kila tairi. Hoja ya tatu, matengenezo ya jengo, na hapo nikaonyesha ufundi wangu wote. Boila lina umri gani? Linavuja wapi? Likizimika kwenye baridi kali, watoto watakaa wapi? Je, likilipuka? Bi Prudence akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado sijafika kwenye bomba la moshi.

Corinne alijibu kila swali. Kwa upole! Akasema kwenye kipaza sauti kwamba baba yake hajawahi kujali shule namna hii, na kwamba leo ni siku ya furaha kwake. Watu wakapiga makofi. Nilijiona mwizi. Ilichukua kama dakika moja kupita.

Chakula cha mchana, maharagwe ya kuokwa na pai ya tufaha. Nilirudia pai ili kupoteza muda zaidi.

Mchana nikawatazama wazazi. Hawaondoki! Watoto wamekusanywa maktaba, wanaangalia katuni. Mechi imeahirishwa kwa sababu theluji imeziba njia ya mlimani. Hakuna mzazi hata mmoja mwenye haraka. Sawa. Nikarudi kwenye bomba la moshi.

Saa tisa na nusu nikasikia viti vinaburutwa nyuma. Wendell amesimama, anavaa kofia. Wafugaji wote wanavaa kofia! Nikamkimbilia mlangoni. Nikamnong'oneza anakwenda wapi, bajeti ndiyo inayofuata!

"Kukamua, shemeji."

Nikamsihi nusu saa tu.

"Nenda kawaambie wewe. Ng'ombe hawapigi kura, wanapiga mateke. Ungefunga huo mdomo asubuhi, saa hizi tungeshakata bajeti na kurudi nyumbani. Kutwa nzima unauliza habari za boila! Umelogwa?"

Wakatoka wote. Kukamua! Nimekamua saa hiyo hiyo maisha yangu yote, na miaka sita tu imenisahaulisha. Mimi!

Nikarudi kukaa. Ukumbi mzima sasa ni wazazi na Bi Osgood. Bi Prudence akasoma bajeti, akauliza kama kuna pendekezo la kuibadilisha. Akanitazama. Wote wakanitazama. Nikasimama, mkono mfukoni, vidole juu ya karatasi. Corinne akatabasamu, akasema, "Ndiyo, Baba?" Ana tabasamu la mama yake. Karatasi ikagoma kutoka.

Nikasema ni kuhusu boila. Nikakaa.

Ilitosha! Mama mmoja mwenye mtoto begani akainuka. Akasema, "Jamani, Mzee Goss anapiga kelele tangu asubuhi na sisi tunakula pai! Mimi leo sitalala nikifikiria lile boila." Akapendekeza bajeti iongezwe, tununue jipya. Akaungwa mkono kabla hajakaa. Kadi za njano zikainuka ukumbi mzima. Yangu pia. Corinne alikuwa ananitazama, ningefanya nini?

Bajeti haikukatwa. Imepanda. Kodi itapanda. Bi Osgood amebaki na kazi yake, na amenibusu shavuni mbele za watu.

Na hayakuishia hapo. Kiti kimoja cha bodi kilikuwa wazi, hakuna anayekitaka, maana ni kazi ya kutukanwa bila malipo. Sauti ikatoka nyuma: Mzee Goss! Wakashangilia. Nikasema nina mgongo mbovu. Wakasema bodi inakaa kwenye viti. Sasa mimi ni mjumbe wa bodi ya shule, msimamizi wa boila. Bi Prudence alinipa mkono na kuninong'oneza kwamba michezo yangu haijawahi kumfurahisha hivi.

Jumapili, 10 Machi

Kwa Corinne. Alinikatia kipande cha nyama kikubwa kuliko vyote, akaniwekea ufunguo wa shule kando ya sahani. Akasema, "Mama angejivunia, Baba." Nampenda huyu mtoto kuliko chochote duniani. Nimeapa kimoyomoyo pale pale mezani: sitafanya njama tena nyuma ya mgongo wake. Kamwe!

Nikiwa kwenye mchuzi wa pili likanijia wazo.

Boila jipya likija, la zamani linakwenda wapi? Lile tumbo lake la chuma ukilipasua katikati unapata karai kubwa kuliko la Wendell! Ni mali ya wilaya, kwa hiyo bodi lazima ipige kura ya kuliuza. Tuko watano. Nikiuliza maswali ya kutosha, wawili watachoka na kwenda nyumbani, na waliobaki watanipa kwa dola moja ili ninyamaze. Corinne sitamdanganya. Sitamwambia tu, ni tofauti.

Wendell ndiye hatari. Jioni alivuka barabara kuja kunicheka, na katika kucheka akaropoka kwamba hata yeye analitaka hilo boila. Atakuja kwenye kikao kutoa bei. Atakuja? Corinne ameniachia mimi, mjumbe mpya, nichague siku na saa. Nimechagua Jumanne, saa tisa na nusu. Ng'ombe wake watamshika!

Wakati anaondoka Wendell akasema redio imetangaza joto la kwanza Jumanne. Utomvu utatiririka mchana kutwa, na asiyesimama karibu na ndoo zake atazikuta zimefurika, mwaka mzima umemwagika chini. Wanawe watasimama kwenye zake, yeye akikamua. Alijigamba sana.

Maskini Wendell, na shughuli zake nyingi. Mimi Jumanne sina shughuli yoyote zaidi ya kikao. Safari hii nimefikiria kila kitu.