Siri ya Lori Lililosimama

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua kitu! Lori la mchezo wetu wa kompyuta likienda, kuna namba inapanda. Likisimama, kipande cha programu namba 4417 kinaishusha. Kwa nini? Kampuni iliyotengeneza mchezo ilikufa zamani bila kuacha maelezo, ndiyo maana tunaupasua wenyewe. Kila kipande tukikielewa, tunakipa jina na kukiweka kwenye ghala la pamoja mtandaoni. Miradi yetu mitatu inachota humo, na yeyote mwingine anayetaka. Mimi naongeza mabasi. Shemeji, mume wa dada yangu, fundi saa, anaongeza mvua na matope. Mwalimu wa hesabu anatafsiri maandishi. Na mtunza ghala ni nani? Mimi!

Sheria ya ghala: ukigundua, unasema. Niliitunga mwenyewe. Lakini matoleo yote matatu yanatoka Jumamosi, na Shemeji kagundua vipande kumi na kimoja, mimi kumi. Hiki nitakaa nacho kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimesimamisha lori kwa saa mbili nzima. Namba imefika sifuri. Kimya. Nadhani inapima subira ya dereva, na mwenye subira atafunguliwa barabara ya siri. Dada, anayeshona nguo chumba hikihiki na kutujaribia michezo, kauliza kilichoharibika ni lori au ni mimi.

Mchana, mezani, Shemeji kaniuliza kama nimeona chochote karibu na 4417. Nikapaliwa na maji. Nikasema hata sijui ni wapi. Kisha mbio ghalani, nikabandika onyo: USIGUSE! KINAFUTA SAFARI ZA MCHEZAJI. Akili ni mali!

Jumatano, 5 Machi

Onyo limefanya kazi kupita kiasi. Mwalimu, mtu wa huruma, kawaonea wachezaji imani akakiondoa kipande ghalani kabisa. Kaniandikia kunishukuru kwa uangalifu wangu. Nikamjibu asijali. Ningesema nini?

Alasiri Dada kapiga yowe, mkasi chini. Basi langu limeungua mlimani. Akajaribu mchezo wa Shemeji: lori limeungua katikati ya matope, mvua ikinyesha. La Mwalimu nalo limeungua, ila kwa Kiswahili fasaha: injini imechemka.

Injini! Kumbe ile namba ni joto! Lori likisimama, linapoa. Nilifurahi kujua, nikacheka peke yangu kama dakika nzima. Halafu nikakumbuka Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekirudisha kipande ghalani na tangazo: nimegundua dawa ya moto! Ugunduzi wangu wa kumi na moja. Mwalimu kanipongeza mara tatu. Nimetembea barazani kama bwana harusi.

Jioni Shemeji kasoma historia ya ghala. Nani kaandika nini, saa ngapi, yote yamo. Kasema kwa upole kwamba ghala hili lina kumbukumbu kuliko mke wake. Dada mwenyewe kacheka mpaka machozi. Nikajua nimekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepiga kura. Wawili kwa mmoja. Mtunza ghala sasa ni Shemeji. Mwalimu kasema hana kinyongo, ila angependa kujua ni vipande vingapi vingine nimevibandika uongo. Nimesema hakuna. Kasema atahakiki vyote.

Imeniuma. Ghala lile nililianzisha mimi. Nilikuwa naamka nakuta mtu nisiyemjua kachukua kitu nilichokielewa mimi kwanza, na siku yangu inakuwa nzuri. Dada kaniambia niombe radhi tu, yaishe. Nimemwambia nafikiria. Nilikuwa nafikiria jambo jingine.

Jumamosi, 8 Machi

Matoleo yametoka. Malori yanapoa vizuri. Watu wanamsifu Shemeji.

Mimi nimejiandikisha ghalani upya kwa jina la Mgeni Mwaminifu. Nimemwandikia mtunza ghala kwa adabu zote: natoka mbali, simjui mtu yeyote hapa, naomba nimsaidie kutunza. Dakika haikuisha kajibu. Karibu, shemeji yangu, chakula kiko mezani kinapoa.

Kajuaje? Nimechunguza kila upande, sijaelewa. Kesho nitajaribu jina la kike.