Kizimba Kisicho na Mlango

Jumatatu, 2 Desemba
Mwaka wa kwanza wa kampuni yangu ya mapambano mseto unaisha Jumamosi. Ngumi, mateke, mieleka, vyote ruksa. Hadi leo hakuna pambano lililofika mwisho. Kila mara Radi, nyota wangu, akimwona mpinzani, yeye hupenya chini ya kamba za ulingo na kutokomea, kaptula na yote.

Mke wangu kasema kwa upole kwamba Jumamosi ikiharibika, nitauza magodoro dukani kwa kaka yake. Upole wake ndio unaonitisha.

Dawa nimeipata: kizimba cha chuma. Nimempa kazi fundi wa mageti. Mchoro nimechora mwenyewe. Msanifu wa nini?

Alhamisi, 5 Desemba
Kizimba kimesimama ukumbini, kimefungwa hadi sakafuni. Kinang'aa! Nimekizunguka mara mbili nikitafuta mlango. Haupo.

Fundi kasema mchoroni haukuwepo, akadhani ndivyo nitakavyo. Mtu wa mageti huyu! Nikamjibu kwamba ndivyo nitakavyo hasa. Shemeji, aliyetuazima magodoro ya kutandika ndani, kacheka hadi kayakalia.

Jumamosi, 7 Desemba
Ukumbi umefurika! Habari za kizimba zimewafikia hata wasiopenda ngumi.

Mwamuzi na wapiganaji walipanda ngazi, wakashukia ndani kupitia juu, palipo wazi. Radi akamtazama mpinzani wake, kisha akaitafuta ngazi. Mlinzi alikuwa ameichukua kubadilishia balbu.

Radi akalia kidogo. Roho iliniuma, ni kijana wa watu. Halafu akafuta machozi, akapigana raundi zote, akashinda! Mke wangu alikuwa juu ya kiti, kilemba kimemdondoka, akiliita jina langu. Si la Radi, langu. Nilitamani usiku usiishe.

Jumapili, 8 Desemba
Mke wangu kakubali: mwaka mmoja mwingine. Radi kaja mwenyewe kuuliza atapigana lini tena. Fundi kashauri tukate mlango. Nimemwambia biashara haifanywi kwa woga.

Pambano lijalo litakuwa juu ya paa la ukumbi. Bila kizimba, bila kamba. Nani atakimbia, na aende wapi? Mchoro tayari nimechora mwenyewe.

Shemeji kautazama, kisha katoka nje, kalizunguka jengo lote akikadiria magodoro mangapi yatatosha kutandikwa chini.

Nimefarijika. Hatimaye ameanza kuiamini kampuni.